Mke Mwenza wa Chuma

Shambani, 4 Februari

Mwanangu Kifungo,

Keti kwanza. Na kama una pini mdomoni, zitoe, maana najua mnavyosoma barua ninyi mafundi cherehani.

Mnara umeanguka. Ndiyo, huo huo, pampu ya upepo ya baba yako, yule mke mwenzangu wa chuma aliyenisumbua tangu nilipoolewa. Jana mchana upepo ulitoka upande wa milimani, si ule tuliouzoea. Nilikuwa naanua nguo. Nikasikia mapanga yanazunguka mpaka yanavuma kama nyuki, halafu chuma kikalia mlio mmoja mrefu, nikajua. Nilipogeuka, miguu miwili ilikuwa imeshapinda. Ukainama polepole, kama mtu mzima anayetafuta pa kukaa, halafu ukalala wote. Gurudumu limetua kwenye ukingo wa tangi, likaumega, na maji yakatoka kwa kishindo yakashuka mpaka kwenye mahindi. Yaliyobaki hayafiki nusu. Mimi sikuumia. Waliokufa ni kuku wawili, na mmoja alikuwa mzee tu.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Usinicheke. Kila baba yako akipanda na kopo lake la oili namwambia, "Haya, nenda kwa mkeo." Leo amelala matopeni, mkia juu, nami ndiye ninayemlilia.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya niandike haraka. Baba yako asijue. Unamjua. Amelazwa huko na kidonda chake cha mguu, sukari haijashuka, daktari kasema atulie. Akisikia mnara umeanguka atang'oa hizo sindano mwenyewe na kuja huku akichechemea. Basi ukienda kumwona, akikuuliza, mwambie unazunguka.

Barua nampa dereva wa lori la maziwa kama kawaida. Naye nimemwapisha.

Mama yako


Hospitali, wodi ya wanaume, 6 Februari

Binti yangu Kifungo,

Nesi amekubali kukupitishia karatasi hii dukani akitoka zamu. Usikimbie. Maliza kwanza nguo za watu.

Madaktari wamekaa na mimi asubuhi. Kidonda kimekula mpaka mfupani. Wanasema wakiuacha mguu utanichukua mzima mzima, wakiukata chini ya goti nitabaki. Niliwauliza kama wanaweza kungoja niende nyumbani mara moja nikapake oili mnara. Yule daktari kijana alidhani natania. Nimeweka sahihi. Ni kesho.

Nakuomba jambo moja tu. Mama yako asijue mpaka nitakapomwambia kwa mdomo wangu. Akijua leo, kesho atauza ng'ombe, atafunga mlango, na kuja kulala chini ya kitanda hiki. Na maji atamwachia nani? Mnara ule haujui kukaa peke yake. Mwambie kidonda kinaendelea vizuri. Si uongo sana. Kesho kutwa hakitakuwepo kabisa.

Dereva wa maziwa alipita kunisalimia nami nikamwambia, kwa sababu alinikuta nimeshika karatasi ya sahihi. Nimemwapisha. Alikuwa na sura ya mtu aliyemeza mfupa, sijui kwa nini.

Siogopi. Kidogo tu, jioni.

Baba yako


Mjini, 10 Februari

Mama, shikamoo.

Uliniambia niketi nikasoma nimesimama, mwishowe nikaketi sakafuni. Pole sana, mama yangu. Na ulivyokuwa peke yako, na nguo mkononi! Namshukuru Mungu kwamba ni kuku.

Baba nimemwona jana na leo. Anapumzika. Kidonda wamekishughulikia na sukari imeanza kushuka. Uji anamaliza, wali anausukuma pembeni. Jana alipofumbua macho aliniuliza habari za mnara hata kabla ya salamu. Nikamwambia unazunguka. Akasema, "Basi," akalala tena.

Nimeficha kama ulivyoniomba. Lakini mama, mimi si kabati. Msinijaze kupita kiasi.

Maji unapata wapi sasa? Usinijibu kwamba hayana shida.

Kifungo


Hospitali, 20 Februari

Mama Kifungo,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila kitanda kimenichosha na chakula cha huku hakina chumvi wala huruma. Kidonda kimekauka, wananisifu.

Nakuandikia habari za mnara. Oili iwekwe kabla joto halijazidi, na usipande wewe, tafadhali. Mwite Fundi Spana. Najua ana mkono mzito na mdomo mzito zaidi, lakini hana kizunguzungu. Mwambie ngazi ya karibu na juu kabisa imelegea, asiikanyage katikati, akanyage pembeni. Upepo wa milimani ukianza, vuta waya wa breki ukunje mkia mapema, usingoje mpaka mapanga yaanze kuvuma. Na maji yakitoka kwa kukohoa, ujue ile vasha ya ngozi kule kisimani imechoka.

Ng'ombe mwekundu amezaa? Ndama wake usimwache chini ya mnara, matone ya oili yanachoma macho.

Usingizi wa huku ni mgumu. Nimezoea kulala nikisikia ule mlio, kwii, halafu kimya, halafu kwii. Hapa kuna feni darini. Inazunguka mchana kutwa na haiteki hata tone.

Je, mnara unalia bado upande ule ule? Niandikie ukweli.

Mumeo


Shambani, 27 Februari

Baba Kifungo,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama kurasa zote ni za mwenzangu na mimi nimepata salamu ya mstari mmoja.

Mnara hauna tatizo lolote. Unazunguka vizuri kabisa, tena siku hizi haulalamiki hata kidogo. Fundi Spana alikuja, akaukagua kuanzia juu mpaka chini, hakuhitaji hata ngazi ndefu. Tangi ni zima. Ng'ombe mwekundu amezaa jike, mweupe usoni, mkaidi kama nani sijui.

Wewe tulia upone. Usiulize ulize sana, maswali yanapandisha sukari.

Nyumba ni kubwa. Nimeanza kuongea na redio, na inanijibu vibaya kuliko wewe.

Mkeo, yule mdogo


Shambani, 9 Machi

Kifungo mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza maji napata wapi. Mtoni, na punda wa jirani, safari za asubuhi na za jioni. Yaliyobaki tangini nampa ndama na mimi naoga kwa adabu. Nimewauza ng'ombe watatu kwa jirani wa ng'ambo, si kwa sababu ya fedha, ni kwa sababu ya hori. Nilikuwa nawaona wamesimama pale wanalamba sakafu yake, wananitazama kama mimi ndiye niliyeyanywa. Mwekundu na mwanawe nimebaki nao. Baba yako hajui hilo nalo. Liongeze kabatini.

Fundi Spana alipokuja mara ya kwanza aliuzunguka mnara, akaupiga teke moja, akasema, "Mama, huyu ni wa kuzika." Nikamwambia akazike spana zake. Akaondoka amenuna. Baada ya siku chache akarudi mwenyewe, kumbe hakulala akiuwaza. Tulipokwangua matope tukaona kilichotokea. Kutu imeila ile miguu pale inapoingia ardhini, ndani kwa ndani, kwa nje rangi imekaa vizuri tu. Huku juu kote chuma ni kizima. Kichwa kizima, mkia mzima, mapanga machache ndiyo yaliyopinda na hayo anayanyoosha kwa nyundo juu ya gogo. Anasema tukikata sehemu iliyooza na kuchimba msingi mpya wa saruji, utasimama. Utakuwa mfupi, upepo utaupata kidogo kidogo, na ng'ombe wengi hatutaweza kuwanywesha. Lakini utasimama.

Nilifikiri utacheka ukisikia hili: nachanganya zege mwenyewe. Mikono imekuwa kama msasa. Na ukingo wa tangi nitaujenga mimi, Fundi ana haraka, hapigi lipu vizuri.

Pamoja na barua hii nampelekea baba yako viatu vyake vya shambani. Nimemlipa fundi viatu akaweka soli mpya zote mbili na nimevipaka mafuta mpaka vinang'aa. Kama kidonda kimekauka aanze kuzoea kutembea, asije akasahau.

Mama yako


Mjini, 15 Machi

Mama, shikamoo.

Viatu nimempelekea mwenyewe. Alivifungua kwenye gazeti taratibu, akavinusa, akasema, "Amepaka mafuta ya mgando huyu." Halafu akakaa navyo mapajani, mkono mmoja ndani ya kile cha kushoto, muda mrefu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Na mimi nikatoka nje kutafuta maji ya kunywa ingawa jagi lilikuwa pale pale mezani.

Mama, barua yako ya mnara nimeisoma mara nyingi. Ile sehemu ya kukata kilichooza. Sijacheka.

Nataka kusema jambo na ninaomba usikasirike. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwambie baba ukweli. Mwandikie wewe mwenyewe kabla hajatoka hospitali. Huyo si mtoto mdogo. Na ukimwambia ya kwako, huenda naye akapata nafasi ya kukuambia ya moyoni mwake. Zaidi ya hapo sina ruhusa ya kusema, na nimechoka, mama, nimechoka kushona midomo ya watu wakati kazi yangu ni magauni.

Anatarajiwa kutoka mwanzoni mwa Aprili. Nitafunga duka nimlete nyumbani mwenyewe.

Kifungo


Hospitali, 15 Machi

Mke wangu,

Viatu nimepata. Kimenikaa vizuri sana.

Nashukuru kwa mafuta na kwa soli. Hakuna mtu katika wodi hii aliyeletewa kitu kilichopakwa kwa mkono namna hii.

Kuna jambo linanizunguka kichwani. Umeandika kwamba mnara haulalamiki. Mnara ule umelalamika tangu siku niliyoununua kama vyuma chakavu nikaujenga upya. Siku ukiacha kulia, ama umepona kimuujiza au hauzunguki. Au umepata mtu anayeujua kuliko mimi. Kama Fundi Spana ameweza kuunyamazisha, niambie tu. Sitaona wivu. Nataka kujua kama huko bado ninahitajika.

Mumeo


Shambani, 22 Machi

Kifungo,

Baba yako ameniandikia eti kama bado anahitajika. Nimeisoma barua hiyo nikiwa na koleo mkononi, nikaliweka chini. Mtu nimekaa naye miaka yote hii, nimemfulia, nimemnunia, nimemzalia wewe, leo anauliza kama anahitajika! Na sababu ni mimi, na ule uongo wangu wa kwamba haulalamiki. Nilidhani namsifia. Kumbe uongo nao una ufundi wake na mimi sina.

Halafu nakuuliza, siku hizi anaandika vizuri? Kasema viatu "kimenikaa". Viatu, kimenikaa! Baba yako, aliyekuwa anamrekebisha hata mchungaji akikosea kusema. Nimehofia sukari imepanda kichwani. Muulize nesi.

Nimekusikia, mwanangu, na wala sikukasirika. Nimechukua kalamu mara mbili kumwandikia ukweli. Mara zote mbili nimemwona akisoma peke yake kitandani, bila mtu wa kumshika bega. Siwezi. Jambo hili atalisikia akiwa amekaa kwenye kiti chake, chai iko karibu, na mimi nimesimama mbele yake anigombeze vizuri. Nitamwambia akifika tu, hata hajavua kofia. Msingi unakauka, bolti tunazingojea, labda Mungu atajalia usimame kabla hajaja na nisiwe na la kueleza.

Mama yako


Mjini, 31 Machi

Baba, shikamoo.

Shikamoo imetangulia kwa sababu nimekasirika na nisingependa isahaulike.

Tulikubaliana nije kukuchukua kesho. Nimefunga duka, nimeahirisha gauni la bibi harusi mtu mzima anayenitisha kuliko wewe, nimekuja leo mapema kukuletea shati safi. Nimeingia wodini nikakuta kitanda kimetandikwa shuka jipya, limenyooshwa kama meza. Mgonjwa wa kitanda cha pili hayupo. Nesi hayupo. Baba, unajua kitanda kilichotandikwa namna ile hospitalini kinamwambia mtu nini? Nilisimama pale nimelikumbatia shati lako. Hata kuangalia kama magongo yapo sikukumbuka.

Kisha nesi akaja anacheka. "Mzee ameondoka alfajiri na lori la maziwa. Kasema hataki kufika nyumbani akiwa ameshikwa mkono."

Nimelia kwa hasira. Halafu nimelia kwa furaha. Halafu nimekumbuka mambo yanayokungoja huko, na yanayomngoja mama, nikaketi kwenye hicho kitanda chako wakaniondoa.

Barua hii itakufikia ukiwa umeshajua kila kitu. Nilificha ya mama kwako na nilificha yako kwa mama. Mliniapisha wote wawili ndani ya wiki moja. Kama kuna wa kulaumiwa, gawaneni sawa sawa, mimi mniache nilale.

Shati nimempa dereva. Niandikieni upesi. Hata neno moja.

Kifungo


Shambani, 2 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Barua yako ya hasira imefika, ameisoma, ameikunja, ameiweka kwenye kofia. Wewe nawe! Ulikuwa na yote mawili tumboni na hukupasuka. Tumepanga kukukasirikia pamoja tukipata nafasi.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana yeye atakueleza vibaya.

Nilikuwa ndani ya tangi napiga lipu. Lori likasimama getini. Nikadhani ni lile la kila siku, nikapaza sauti, "Madebe yako kivulini!" Sikusikia madebe yakipakiwa. Nikachungulia juu ya ukingo, kichwa tu ndicho kilichotokeza. Dereva amekaa kwenye usukani anatazama mbele na anapiga mluzi, yule ambaye huwa hafungi mdomo. Mlango wa pili ukafunguka. Nikaona gongo moja. Nikaona gongo la pili. Nikaona kiatu kinang'aa, nikakijua. Nikangoja kile kingine.

Baba yako alisimama pale, suruali ya upande wa kushoto imekunjwa na kufungwa pini, na ile pini naijua, ni ya dukani kwako. Lakini yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu, pale penye uwazi. Anatazama, anageuza shingo, kama mtu anayedhani amekosea nyumba.

Nikasema, "Baba Kifungo, mguu uko wapi?"

Akasema, "Mama Kifungo, mnara uko wapi?"

Dereva akawasha gari akaondoka bila kuchukua maziwa.

Tuligombana kwanza, nisikudanganye. Yeye pale getini, mimi bado ndani ya tangi, mwiko wa lipu mkononi. "Uliniandikia haulalamiki!" "Na wewe uliniandikia viatu vimekukaa!" "Niliandika kimenikaa! Na si hiki hapa? Hakijanikaa?" Akauinua ule mguu wa kulia kunionyesha, akasahau kwamba hana wa kusimamia, akaanguka kwenye majani. Sijui nilitokaje tangini. Nilimfikia nikiwa na saruji mpaka kwenye viwiko, nikamshika, shati lake jeupe la hospitali likaharibika lote. Tukakaa pale chini. Alianza yeye kucheka. Nikamwambia asicheke, akazidi. Halafu hakuwa anacheka tena, na mimi pia.

Baadaye alitaka kuuona. Nikampeleka ulipolala. Akakaa juu yake kama anakaa kwenye benchi, akapitisha vidole pale tulipokata, akaunusa. Akasema, "Fundi amekata vizuri." Nikajua Fundi Spana amesamehewa.

Habari ya ng'ombe nayo nilimwambia. Akauliza kama aliyewanunua ana maji ya kutosha.

Jioni nilimwogesha. Nilipokifungua kigutu niliogopa, na niliogopa zaidi kwamba ataona nimeogopa. Akasema, "Tazama tu. Na mimi ilinichukua muda." Basi nikakitazama. Ni kidogo, Kifungo, kimefungwa vizuri kama pindo la nguo. Nikakipaka mafuta. Alilala huku namalizia, mkono wake umeshika ukingo wa kanga yangu, na mimi sikutaka kuuvuta nikakaa hivyo hivyo mpaka mguu wangu mwenyewe ukafa ganzi.

Mama yako


Shambani, 11 Mei

Binti yangu Kifungo,

Umesimama. Juzi tumeuinua. Fundi Spana alifunga kapi na minyororo, majirani wakavuta, dereva wa maziwa akafunga kamba kwenye lori lake akavuta naye, nadhani alikuwa anatafuta toba. Mimi nilikaa kwenye kiti katikati ya uwanja natoa amri. Nilidhani nitajisikia vibaya kukaa wakati wengine wanavuta. Kumbe nimependa kutoa amri siku zote, ila nilikuwa juu sana hawanisikii.

Ni mfupi. Ukiuona utadhani umeota kwenye mvua chache. Lakini saa ya upepo ilipofika, mkia uligeuka wenyewe, mapanga yakasita, yakaanza. Tulimwona kila mtu anatazama lile bomba la tangini. Likakohoa, likatema kutu, likatema kutu tena, kisha maji. Mama yako akaweka kiganja chini yake, akakitoa, akanipaka usoni. Ng'ombe mwekundu hakungoja tumalize.

Na unalia. Kwa sauti nyembamba kidogo, lakini unalia.

Leo ilikuwa siku ya oili. Tulipatana na Fundi kwamba kazi ya juu itakuwa yake. Asubuhi mama yako akachukua kopo, akakunja gauni kiunoni, akaenda chini ya ngazi. Nikamwambia, "Wewe, unakwenda wapi?" Akasema, "Kumsalimia mwenzangu. Miaka yote unampanda wewe, sijawahi hata kumwona uso." Nilikataza. Nilikataza kwa sauti ya juu kabisa niliyonayo. Alikuwa ameshafika ngazi ya nne.

Basi ikabidi nimwelekeze. "Shika kwa mikono miwili!" "Kwani uliniona na mitatu?" "Usitazame chini!" "Nitakuonaje basi?" Mama yako huyo. Moyo ulinienda mbio kama mapanga. Alifika, akavuta breki, akafungua kifuniko kama nilivyomweleza, akamimina taratibu bila kumwaga. Nilivyomtazama nikaona kazi ile haikuwa ngumu kiasi nilichokuwa nikiisimulia nyumbani.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ile siku ulipoondoka kwenda kujifunza ushonaji, hukuniona getini. Mama yako alinisema sana. Mtoto anaondoka, baba amekwenda kupaka oili! Niliona ulivyogeuka kunitafuta. Lakini getini unamwona mtu mpaka kwenye kona ya kwanza tu, halafu basi. Kule juu barabara inaonekana yote, inazunguka mashamba, inashuka, inatokea tena darajani, na hata ng'ambo ya daraja kidogo. Mimi nilikuona mpaka mwisho. Na kila ulipokuwa unakuja likizo, nilikuwa wa kwanza kujua, nikashuka nikajifanya nimeshangaa. Sikuwaambia kwa sababu nilijua mtanicheka, na nilitaka niwe na kitu kimoja cha peke yangu. Walipoukata mguu nilihesabu nilivyopoteza, na hicho ndicho nilichokiweka mwanzo. Kisha nikauona mnara mpya ulivyo mfupi nikajua hata huo mguu ungekuwepo usingenisaidia.

Mama yako alipomaliza alifunga kifuniko. Nikamwita, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi shuka."

Nikaona amegeuka, amekaa kwenye ule ubao wa juu, kopo mapajani, anatazama upande wa barabara. Sikuwa nimemwambia lolote. Baada ya muda akasema, wala hakupaza sauti, "Kumbe daraja linaonekana."

Nikamwuliza, "Linaonekana? Kwa urefu huo?"

"Linaonekana. Na lori ndilo hilo linakuja." Halafu akasema, "Wewe mwanaume."

Nilijifanya naangalia hori.

Nakuandikia hapa hapa nimekaa ukingoni mwa tangi, karatasi juu ya goti, nimpe dereva akifika. Chai ya mama yako nimeifunika kwa sahani, imeshapoa. Bado hajashuka. Nimeacha kumwita.

Baba yako